"Nakuja," Asema Anayeondoka

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watoto wa darasa la sita kwamba Kiingereza kina njia nyingi za kusema jambo ambalo bado halijatokea. Kiswahili chetu kina -ta- moja tu, na hiyo hiyo tunaibebesha kila kitu: ahadi, mpango, kitisho, maombi, na uongo mdogo wa kumtoa mtu mlangoni. Nitakuja, nitakuchapa, nitakuombea. Mwingereza hakutosheka na moja. Ana "will" ya kuahidi na ya kukisia, ana "going to" ya kitu ambacho dalili zake zimeshaonekana, ana "should" ya kutumaini, na ana "may" na "might" za mtu asiyetaka kulaumiwa baadaye. "Shall" tuliwaachia mawakili na waimbaji wa kwaya.

Somo la "going to" ndilo nililolipenda kuliko yote. Nilikuwa nawatoa watoto nje, tunasimama kando ya uwanja, nawaambia watazame upande wa vilima vya Ngong. Kukiwa kumefunga weusi, nasema, "Look at the clouds. It is going to rain." Siyo "it will rain". "Will," niliwaambia, ni ya mtu aliyekaa ndani amefunga pazia, anakisia. "Going to" ni ya mtu aliyeyaona mawingu kwa macho yake. Ukisema "going to" lazima uwe na ushahidi. Watoto waliyaimba hayo nyuma yangu, na mwaka mmoja mvua ilitunyeshea hapo hapo tukiimba, mwalimu mkuu akitutazama kutoka dirishani mwake.

Nilikuwa mkali, sikatai. Nimesahihisha matangazo ya kanisani. Nimesahihisha kadi za harusi zikiwa zimeshachapishwa. Nimewahi kumsahihisha mchungaji katikati ya maombi, ingawa hiyo niliifanya kwa kunong'ona. Mtu mmoja tu alinishinda, na huyo nilikuwa nalala naye kitanda kimoja.

Mume wangu ni fundi wa makochi. Kibanda chake kiko kando ya Ngong Road, hapa Nairobi, mwendo mfupi wa miguu kutoka nyumbani kwetu Jamhuri. Analetewa kochi limechoka, limebonyea katikati, linanuka mbwa. Analivua kitambaa, anabadilisha sponji, anakaza springi, analivika upya, na mwenyewe akija kulichukua haamini kuwa ni lake. Ana mikono ya ajabu, na nasema hivyo nikiwa sina mazoea ya kumsifu. Kasoro yake ni ile ya mafundi wote, yaani wakati ujao. "Itakuwa tayari Ijumaa," anasema, na Ijumaa ipi hataji. "Hii imebaki kidogo tu," anasema, na wewe ukitazama unaona mbao tupu na misumari. Nilimwambia huo ni uongo. Yeye akasema siyo uongo, ni matumaini, na kwamba mteja asiye na matumaini hanunui kochi.

Hayo ningeyavumilia. Lililonikera ni "I'm coming".

Kila Mkenya analijua hilo. Mtu anasimama kutoka kwenye kiti, anachukua kofia yake, anakwambia, "I'm coming," kisha anatoka na kupotea. Maana yake ni kwamba anaondoka lakini atarudi. Mume wangu alilisema kila siku ya ndoa yetu. Akienda msalani, I'm coming. Akienda kibandani kutwa nzima, I'm coming. Alipokwenda kwao Ukambani kwa mazishi ya mjomba, siku nne, alisimama mlangoni na begi mkononi akasema, "Mwalimu, I'm coming."

"Huji," nikamwambia. "Unaenda. Begi hilo hapo."

"Ndiyo. Nakuja."

"Coming ni kuelekea hapa nilipo. Wewe unaelekea huko."

"Mguu ndio unaelekea huko," akasema, na akatoka.

Siku moja, nikiwa nimemwandama sana, alinieleza. Kwao, mama yake hakuruhusu mtu aseme mlangoni kwamba anaenda. Mtoto akisema "naenda", mama aliuliza, "Unaenda, halafu mimi nikutafute wapi?" Ilibidi useme unakuja, hata kama ndiyo kwanza unafunga viatu. Ukisema hivyo nyumba inajua wewe bado ni wake. Alinieleza haya huku akipiga misumari, misumari mingine akiwa ameibana midomoni, kwa hiyo huenda kuna mengine sikuyasikia. Nilimwambia mama yake alikuwa na haki ya kusema anavyotaka kwa Kikamba, lakini Kiingereza kina wenyewe.

Kisha likatokea la Spring Valley.

Kulikuwa na mama mmoja Mzungu, mtu mzima kabisa, aliyekuwa amekuja juzi juzi kuishi na mwanawe katika mtaa huo. Alikuwa na kiti cha marehemu mama yake alichokisafirisha kutoka kwao, na alitaka kivikwe upya. Mume wangu akaenda asubuhi, akapima, akamwonyesha vipande vya vitambaa, mama akachagua cha kijani. Hicho hakikuwa kwenye stoo. Mume wangu akakunja futi yake, akasimama, akasema kwa heshima zote, "Okay, madam. I'm coming." Akapanda gari la mjini kutafuta kitambaa.

Yule mama akamwambia msichana wa kazi aandae chai ya watu wawili. Akaketi barazani akisubiri fundi atokee upande wa pili wa nyumba, maana alidhani ameenda kunawa mikono. Chai ikapoa. Ikaandaliwa nyingine. Alipochoka akapiga simu kwenye namba iliyoandikwa kwenye kadi ya mume wangu, ambayo ilikuwa namba yangu, kwa sababu mimi ndiye mwenye Kiingereza.

"Your husband said he was coming," akaniambia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na wasiwasi kwamba mzee wa watu ameanguka mahali kwenye bustani yake, na mtunza bustani alikuwa ameshatumwa kuangalia nyuma ya michongoma.

Nilimpigia mume wangu. Nikamsikia akitafuna.

"Uko wapi?"

"Tao. Nakula chapo madondo. Kwani?"

"Yule mama wa Spring Valley anakungoja tangu asubuhi!"

"Ananingoja ya nini? Si nilimwambia I'm coming?"

Nilitamani ardhi inimeze, maana nilikuwa katikati ya chumba cha walimu na wote walikuwa wamenisikia. Jioni hiyo nilipindua kalenda ya mwaka uliopita, nikaandika nyuma yake kwa kalamu nene: *I am going. I will be back on Thursday.* Nikamketisha mezani mzee mzima, nikamfundisha kama ninavyowafundisha watoto. Nilimfundisha yote, "will" ya kukisia, "going to" ya ushahidi, hata mawingu ya Ngong sikuyaacha. Alirudia kila sentensi kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu. Nilipomwuliza kama ameelewa, alisema ameelewa vizuri kabisa.

"Lakini hiyo ni ya wateja," akaongeza. "Ya nyumbani niachie."

Ikawa hivyo. Kule Spring Valley alisema "I will be back", yule mama akafurahi, kiti cha kijani kikaisha, akampa na kingine. Nyumbani alibaki na "I'm coming" yake, nami nikabaki na kusonya.

Nimestaafu sasa. Watoto wetu wamekua na wako mbali, kila mmoja na maisha yake. Tumebaki wawili na redio. Mwaka jana mume wangu alianza kuumwa tumbo, akalificha kama wanaume wanavyoficha, akinywa maji ya moto na kusema ni gesi. Asubuhi moja nilimkuta ameinama juu ya sinki, ameshika ukingo kwa mikono yote miwili, jasho linamtoka. Nikamwita jirani mwenye gari, tukampeleka hospitali moja upande wa Hurlingham.

Daktari alikuwa kijana, mpole, wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho mwisho. Alinieleza kwa Kiingereza, pengine kwa sababu nilimsalimia kwa Kiingereza. Utumbo umeziba, alisema. "It may be a twist. It might be a growth." Hawatajua mpaka wafungue. Nikamwuliza kama mume wangu atapona. Akasema, "He should be fine."

Mtu mwingine angesikia maneno ya faraja. Mimi nilisikia maneno yenyewe, moja moja, kwa sababu ndiyo niliyoyafundisha maisha yangu yote. Niliwahi kuwapanga watoto wanne mbele ya darasa, kila mmoja na kadi yake, kuanzia mwenye uhakika hadi asiye na uhakika: will, should, may, might. Mtoto wa might nilimweka karibu na mlango. Sasa daktari huyu alikuwa amenipa should, may na might kwa pumzi moja, na will hakuitaja hata kidogo. Nilimwangalia nikitaka kumwambia arudie sentensi.

Wakamweka mume wangu kwenye kitanda cha magurudumu, wakamvisha kofia ya plastiki iliyomfanya aonekane kama mpishi. Nilitembea pembeni yake kwenye ile korido ndefu, nimeshika simu yake na saa yake na meno yake mawili ya bandia yaliyofungwa kwenye kitambaa. Tulipofika kwenye milango ya chumba cha upasuaji, muuguzi akanizuia kwa mkono.

"Mum, wewe ni hapa mwisho. Keti pale, tutakuita."

Mume wangu akageuza kichwa. Akanitazama kwa makini, kama anavyotazama kochi kabla ya kulikata. Akasema pole pole, kila neno mahali pake:

"I will be back."

Milango ikafunguka, ikajifunga.

Nilibaki nimesimama. Alikuwa ameisema sawasawa, bila kosa hata moja. Hiyo ilikuwa ya wateja. Kwa nini aniambie mimi ile ya wateja? Nilisogea hadi mlangoni nikasema kwa sauti, "Sema nakuja! Baba, sema nakuja!" Muuguzi mwingine aliyekuwa akipita akanishika bega, akanipeleka kwenye benchi, akaniambia, "Pole, mum. Anakuja tu." Alijaribu, maskini. Lakini maneno hayo hayasemwi na mtu mwingine kwa niaba yako.

Niliketi. Niliomba, lakini maombi yangu yalikuwa yakikwama kwenye vitenzi. Bwana, atatoka. Bwana, atoke. Niliona aibu kwamba hata mbele za Mungu nilikuwa nachagua wakati. Nilifikiria kalenda ile na kalamu nene, na uso wake akimeza, na nikajichukia. Kati ya vyote ambavyo ningeweza kumpa mume huyu katika miaka hiyo yote, nilimpa sarufi.

Simu yake ikalia mkononi mwangu. Ilikuwa ni yule mama wa Spring Valley. Siku hizo alikuwa ameagiza kiti cha tatu, na fundi alikuwa amemwahidi kupita asubuhi hiyo na vipande vya vitambaa. Alinisalimia vizuri, kisha akauliza swali moja.

"Is he coming?"

Mimi, mwalimu wa Kiingereza maisha yangu yote, nilipitia yote niliyokuwa nayo. He will, nani kaniambia? He is going to, mawingu niliyaona wapi? He may, he might, hayo yasingenitoka mdomoni. Nikafungua kinywa likatoka la mume wangu.

"He is coming," nikasema.

Akacheka kidogo. Alikuwa ameishi Nairobi vya kutosha sasa. Akaniuliza kama ni coming ya Kiingereza au ile yetu.

"Yetu," nikamjibu, kwa Kiswahili, nikasahau hata ninaongea na nani. Sauti ikanikatika. Sijui alielewa kiasi gani, lakini hakukata simu wala hakuniuliza kitu, tukakaa hivyo, yeye barazani kwake, mimi kwenye benchi, mpaka nikaweza kumwambia niko wapi. Akasema kiti hakina haraka. Akasema atasubiri, na kwamba kusubiri ameshafundishwa.

Sijui nilikaa muda gani baada ya hapo. Mwanga wa dirishani ulikuwa umehama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine ilipofunguka ile milango. Daktari kijana alitoka ameshusha barakoa yake kidevuni. Nilisimama. Utumbo ulikuwa umejisokota, akasema, hakuna uvimbe wowote, wameunyoosha na umerudia rangi yake. Kisha akatabasamu, akasema:

"He is going to be fine."

Nililia pale pale, kwa sauti, mtu mzima na mkoba wangu. Daktari akadhani sijaelewa, akaanza kunieleza tena kwa Kiswahili kwamba mzee atapona. Nilimwambia nimeelewa. Nilielewa kuliko alivyojua. Asubuhi alikuwa amefungiwa pazia, sasa alikuwa amefungua na kuona kwa macho yake. Alikuwa na ushahidi.

Tuliporudi Jamhuri, mume wangu alikaa nyumbani wiki kadhaa akilishwa uji na kugombezwa. Mwili ulirudi upesi. Lakini niliona kuna kitu hakijarudi. Siku ya kwanza alipotoka kwenda kuota jua kwa jirani, alisimama mlangoni akasema, "I will be back." Kesho yake akienda kunyoa, hivyo hivyo. Hakuwa ananitania. Nilimjua akitania, jicho la kushoto hufumba kidogo.

Nikamwuliza jioni, tukinywa chai. "Siku ile pale mlangoni, kwa nini uliniambia I will be back?"

Akakoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa. "Nilikuwa nimeogopa, Mwalimu."

"Sasa?"

"Sasa 'nakuja' siwezi kusema kama sina hakika. Nakuja ni kitu ya kweli. Nimekwambia nakuja hii miaka yote na nimekuja kila siku, ama uongo?" Akaweka kijiko. "Siku hiyo sikujua kama ntatoka. Nikakumbuka ile yako. Si ulisema will ni ya mtu anakisia?"

Miaka yote nilidhani hajanisikiliza. Kumbe darasani kwangu hakuwahi kupita mwanafunzi aliyelielewa somo hilo kama yeye. Nilichukua kikombe chake nikaenda kukiosha, ingawa chai ilikuwa bado nusu.

"Na siku hizi je?" nikamwuliza kutoka kwenye sinki, nimempa mgongo. "Ukienda kwa jirani?"

"Siku hizi nakisia," akasema.

Jumatatu aliyorudi kazini aliamka mapema, akavaa koti lake la kazi lenye nyuzi zilizonasa mikononi. Akachukua futi, akachukua kofia. Kiti cha Spring Valley kilikuwa kinamngoja kibandani, na mwenyewe alikuwa ameshapiga simu kutusalimu. Akasimama mlangoni, akanigeukia.

"I am going to the workshop," akasema. "I will be back at four."

Kiingereza kilichonyooka. Hakikuwa na pa kutia kalamu nyekundu.

"Rudi ndani," nikamwambia.

"Nimesahau nini?"

"Rudi, keti. Uanze tena. Sema vizuri."

Akanitazama. Niliogopa kwamba atakataa, kwamba atasema hana hakika, na mimi singekuwa na la kumjibu, kwa sababu ni kweli, nani anayo. Kisha akarudi, akaketi kwenye kochi, kochi letu ambalo hajawahi kulivika upya tangu tuoane. Akakaa. Akainuka kwa kushika goti, akaiweka kofia vizuri kichwani, akaenda hadi mlangoni.

"Mwalimu," akasema, na jicho la kushoto likafumba kidogo. "I'm coming."

"Haya, njoo," nikamwambia, nikasimama mlangoni nikimtazama akienda.